Saa Kumi na Robo

Mvua iligonga bati la wodi, Jinja,
na taa zilikuwa zimezimika
ingawa bwawa la umeme lilinguruma pale pale jirani.
Mganga hajigangi.
Nilimpokea mtoto kwa mwanga wa kandili,
nikaitazama saa niliyoibana kifuani,
nikaandika kwenye kipande cha boksi la pamba:
Msichana. 10.15.

Saa kumi na robo. Jogoo bado.

Dereva wa baba yake akakitia mfukoni,
kikafika kwa Bwana Trivedi, karani wa kinu,
ambaye kila Jumapili alivaa miwani ya pili
na kuuhesabia mwezi nyumba zake.

Ishirini na saba, alinieleza baadaye
kwenye foleni ya mafuta ya taa.
Wake ishirini na saba wa mume mmoja,
na mwezi hulala kwa kila mmoja, kwa zamu.
Ila Rohini, yule mwekundu, ndiye kipenzi.
Kwake mume alijisahau, wenza wakamshtaki,
ndiyo maana hata leo unamwona anakonda.
Kila nyumba ina milango minne,
kila mlango na silabi yake,
na mtoto huitwa kwa mlango alioukuta wazi.
Mwezi hukaa mlangoni saa sita hivi,
kisha husogea.

Saa sita.
Ndiyo hasa iliyo kati ya saa yangu
na saa ya ukutani ofisini kwake.
Mimi nilihesabu tangu jua lilipotua;
yeye alisoma asubuhi, chai mezani, kinu kikivuma.
Akampa Vi. Vimla.
Mlango wa Va haukupitwa na mtu.

Mwaka huu amekuja, kichwa cheupe,
na cheti cha nyota kilichopita Entebe ndani ya soksi
mwaka ule walipopewa siku tisini.
Kinasema atazeekea kando ya mto alikozaliwa.
Anauza vitambaa Lesta.
Ndani yake, kimebanwa kwa pini yenye kutu,
kile kipande cha boksi, na mwandiko wangu.

Nyota njema huonekana asubuhi, nilitaka kusema,
nikakumbuka asubuhi yenyewe ndiyo iliyotukosesha.
Basi nikamweleza, pole pole, kwa vidole.

Akakaa kimya. Kisha akauliza
kama alilia sana siku ile.

Hapana, nikasema.
Ulipiga chafya mbili, ukafumba macho.
Hilo sikuliandika.