Zamu ya Maji

Wiki ya ishirini na tatu. Chumba cha picha, Moshi mjini,
jeli baridi tumboni, feni mbovu.
Daktari Makundi anatafuta, anarudi, anatafuta tena,
kama mtu aliyeangusha ufunguo kwenye mibuni.

"Maji ni haba," anasema. "Sentimita mbili tu."

Lakini nakunywa! Jagi zima kila asubuhi,
mama mkwe kanisimamia mpaka tone la mwisho.

"Siyo hayo, Ndeonasia. Maji ya mle ndani
huyatoa mtoto mwenyewe.
Anakojoa, anameza, anakojoa.
Na figo zake ndizo hizi":
vifuko vyeusi, vimesongamana kama zabibu.

Kumbe chanzo ni yeye.
Mimi ni shamba tu.

Usiku ikawa zamu yetu ya mfereji, Kibosho.
Elirehema kashika tochi, hasemi.
Nikang'oa jiwe, nikang'oa magome ya mgomba,
maji yakaja, machache, ya tope, lakini yakaja.

Nilipochuchumaa akanigonga ubavuni,
mara moja, pakavu,
kama jirani anayebisha hodi usiku
kuuliza: na kwenu yamekatika?