Nabakiza

Nimemwahidi Daktari Lehtovaara: mapigo mia na arobaini, yasizidi.
Nimemwahidi na Eerikki, aliyenifunga kamba za viatu
kana kwamba homa ya mapafu ilinila hata vidole.

Bastola inalia. Turku nzima inanipita.
Ananipita mzee mwenye bandeji gotini,
ananipita baba anayesukuma mtoto kwenye kigari,
na mtoto, jamani, amelala.

Nameza kiburi. Kina ladha ya tango la chumvi
wanalogawa mezani, kilomita ya kumi na tano.

Mwezi wa pili nilikuwa nikihesabu hatua
kutoka kitandani hadi dirishani: kumi na moja.
Nikifika naegemea kioo, nautazama mto Aura,
umeganda, nami nimeganda,
tunategeana nani ataanza.

Sasa unatiririka kando yangu,
wala hakuna anayeuuliza umetumia dakika ngapi.

Kilomita ya thelathini. Saa ya mkononi inanikemea.
Natembea. Mbele za watu, natembea,
mbele ya jirani yangu Tuulikki na kengele yake.
"Umechoka?" anapaza sauti.
"Hapana. Nabakiza."

Maana mashindano yangu ni ya Septemba.
Leo nimekuja kuyaonyesha mapafu njia,
kama mtu anavyoonyeshwa vyumba
vya nyumba aliyowahi kuishi.

Masaa matano na dakika sita. Wanakunja mahema.
Eerikki ananivika koti,
anautegea mgongo wangu sikio, kama mlango.

Hakuna anayebisha.