Ayikoru

Kompyuta ilifika Arua ndani ya blanketi la jeshi.
Imetoka Bremen, alisema muuzaji,
kana kwamba Bremen ni mtaa wa pili.
Nililipa kwa awamu tatu na mbuzi mmoja juu.
Mimi ni Zilpa, nimepiga chapa miaka kumi na tisa,
vidole vyangu vinajua njia gizani
kama mwenye nyumba ajuavyo mlango wa choo.

Nikaandika jina langu. Likatoka Yilpa.
Nikaandika mzee, ikatoka myee.
Kwenye ratiba ya kanisa Yesu akawa Zesu,
na mwinjilisti Onzima akajisoma Onyima,
akavua miwani, akauliza:
"Nimemnyima nani nini, binti?"

Zipo herufi zenye nukta mbili kichwani,
macho ya chura yakichungulia topeni,
na moja yenye tumbo, kama B iliyokaa kuota jua.
Sijui zinaitwaje. Nazo hazijaniuliza jina.

Ila aliyeniliza ni ritifaa,
kale kamkia ka ng'ombe.
Nabonyeza: kimya.
Kitufe hakijibu, kinaweka kinyongo,
kinamngoja ajaye nyuma kimpande utosini:
ngómbe! O amechomwa mkuki,
na mteja anataka risiti ya ng'ombe wawili
kabla mnada haujafungwa.
Kilugbara nacho kinaidai ritifaa kila mstari,
kwa b ile ya kumeza, kwa d ile ya kumeza.
Siku hiyo tulimeza vyote.

Kikonokono cha barua pepe
nilikiona kimejibanza pembeni mwa Q, hakitoki.
Afeku, fundi wa simu, akapaza sauti toka kibandani:
"Shika Alt ya kulia! Kulia, mama, kulia!"
Nikashika. Kikatoka. Nikakichukia bado.

Alasiri akaja Driciru wa kambini, na mtoto wa siku nane,
anataka cheti cha ubatizo.
Jina ni Ayikoru. Kwetu hiyo ni furaha.
Jenereta likakohoa, karatasi ikatoka ya moto,
akaisoma kwa Kiswahili chake cha kambini, herufi kwa herufi:
A-zi-ko-ru.
Akaniangalia.
"Azik— nini? Huyu hajazikwa, Zilpa.
Tuliyemzika ni baba yake."

Nilitazama mikono yangu.
Haikuwa imekosea hata kidogo.

Afeku akaja na bisibisi asiyoihitaji,
akafungua mipangilio, lugha, kibodi,
akaufuta Ujerumani, akaweka Kiingereza,
akaondoka bila kudai hata soda.
Sasa sura za vitufe ndizo zinasema uongo:
nabonyeza palipoandikwa Z, inatoka Y,
na ritifaa, kumbe, ililala chini ya macho ya chura.
Anayechungulia kibodi atapotea.
Mimi sichungulii.

Nikamwandikia bure.
A. Y ikatoka Y.
Driciru akaisoma mara mbili, akampulizia mtoto usoni kama anayeondoa vumbi.
Ile karatasi ya kwanza hakuniachia:
aliichana vipande vidogo vidogo,
akavihesabu,
akavifunga kwenye pindo la kitenge, akaenda navyo.