Kiingilio: Bure

Joto la Januari. Bati la ukumbi wa wakulima linaalika.
Mlangoni Bi Merle hana tiketi za kuuza;
ananigonga mhuri wa kondoo nyuma ya kiganja,
ndiyo stakabadhi.

Viti arobaini, watu kumi na tisa,
na mbwa, hakualikwa, hakufukuzwa.

Mwandishi wa kutoka Melbourne alisoma vizuri.
Tukampa makofi ya adabu.

Kisha Clarrie Tulloch, mkata manyoya,
akafunua daftari lake la hesabu:
kushoto marobota ya sufu,
kulia marehemu mkewe.
Alisoma mistari sita. Wa saba ulimkwama.

Hakuna aliyekohoa.
Mbwa akaenda kumlalia miguuni.

Nimeshaoga mara mbili.
Kondoo bado yupo,
anaitazama kalamu.