Kijiko Kimoja cha Grisi

Nanuli amerudi na Delika yake siku ya nne.
Hakuzima injini. Alishuka, akaacha mlango wazi,
akasema, "Murzakan, sikiliza mwenyewe,
mimi nikieleza nitakosea."

Nikasikiliza.
Mguu ukiwa nje ya pedali: ngurumo ya dizeli tu,
kikohozi cha mzee aliyekizoea kifua chake.
Mguu ukikanyaga: kwiii,
sauti nyembamba, bawaba ya mlango wa zizi
ukifunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha nyumba.
Na gia ya kwanza iligoma, ikasaga meno,
kisha ikaingia kwa kishindo.

"Ya kurudi nyuma ndiyo mbaya zaidi," akasema.
"Jana kule Ushguli niliomba watu wanisukume.
Mikate ikapoa."

Klachi mpya. Niliifunga mimi.
Sahani mpya, presha mpya, beringi mpya,
kila boliti niliikaza kwa zamu, ya huku kisha ya kule.
Kwa hiyo nilianza kulitafuta kosa
mahali ambapo mimi sikuwepo.

Labda hewa kwenye mrija.
Kijana wangu Ilo akapanda kitini.
Kanyaga. Shikilia. Achia. Mara ishirini,
mafuta ya breki yakitiririkia chupa ya limonadi,
povu mbili, tatu, kisha hakuna.
Pedali ikakaza kidogo. Sauti ikabaki.
Labda beringi ilizaliwa na ugonjwa wake kiwandani.
Labda giaboksi imechoka, kilomita laki tatu si mchezo.
Labda Nanuli huulaza mguu juu ya pedali anapoendesha.
Hilo la mwisho nililitamka.
Akanitazama. Miaka kumi na tisa anapandisha mikate
kwa barabara ambayo mto Enguri huimega
kila theluji inapoyeyuka.

Nikachukua bisibisi ndefu,
ncha kwenye ganda la giaboksi, mpini sikioni.
Ilo akakanyaga.
Ikaja, karibu kabisa, pale uma unapoegemea,
chuma kikimlilia chuma.

Tukaishusha tena giaboksi.
Saa tatu, jeki moja, baridi ikipenya chini ya mlango.
Kurunzi mdomoni, nikaona:
kifundo kile cha mviringo kikavu,
kimekwanguka hadi kung'aa kama sarafu.
Na meno ya shafti makavu vilevile,
sahani imeyang'ang'ania, haitelezi,
haiachani na flaiwili hata ukiisihi.
Kelele na gia, nilidhani magonjwa mawili.
Kumbe ukavu mmoja.

Kijiko kimoja cha grisi. Hata hakijai.

Kopo lilikuwa palepale rafuni, wazi,
kifuniko kimegeuzwa.
Jioni ile simu ililia: Lamara, kutoka Bari,
anakomtunza mzee wa watu
anayemwita kwa jina la marehemu mkewe.
Nilinawa kwa sabuni ya unga hadi viwikoni
ili niishike simu nikiwa safi.
Akauliza kama paa linavuja. Nikasema halivuji.
Akanyamaza, nami nikanyamaza,
dakika nzima ya kulipia.
Kisha nikarudi chini ya gari
nikafunga giaboksi kwa mikono safi.

Nikamwambia Nanuli: kosa ni langu, hulipi kitu.
"Na mikate iliyopoa?"
Sikuwa na jibu. Nikainunua yote, kumi na minne.
Ilo anatafuna wa pili sasa hivi.

Ninapaka. Kifundoni, kwenye ncha za uma,
kwenye meno ya shafti, kisha nafuta ziada,
maana ikizidi hurukia sahani
na klachi huanza kuteleza, ukawa na kesi nyingine.

Simu inalia.
Ilo ananinyooshea kitambaa. Nakikataa.
"Lamara, subiri, usikate," nasema,
na kioo kinabaki na alama ya dole gumba,
nyeusi, nono,
pale pale penye uso wake.