Mafundo ya Leso

Haboba Mastura hakuacha wosia. Aliacha leso,
na kwenye pindo la leso mafundo matano,
makavu, magumu kama ugomvi wa mawifi.
Wao waligawana masufuria na kitanda.
Mimi nikaambiwa: wewe chukua hicho kitambaa.

Ilikuwa Februari. Bombo yote vumbi,
vumbi jekundu hadi kwenye meno ya kitana.
Niliyafungua kwa jino, moja baada ya jingine,
nikapanda kipofu nyuma ya jiko
mvua ya Machi ilipotua kwa kishindo juu ya mabati.

Fundo la kwanza lilikuwa nakati.
Niliijua ilipotoa majani mawili tu,
kwa harufu ile chungu inayonata vidoleni.
Tuliila Aprili nzima, hadi mume wangu akauliza
kama tumekuwa mbuzi.

La pili, boga. Boga halijui hati ya kiwanja.
Lilipanda ua, likashuka kwa Mama Sebit,
likazaa huko huko, tena mbele ya dirisha lake.
Nilipokwenda kudai nilikuta ameshachuma majani,
ameyachemsha kwa karanga, ameniwekea sahani.
Nikala. Ungefanyaje?
Boga lenyewe tulilikata pasu kwa pasu,
na mbegu zikakaangwa bila kuulizana ni za nani.

La tatu nilidhani tango. Nililingoja liive.
Nililingoja mno. Juni jua likalikausha,
ngozi ikawa karatasi, ndani kunachakarika.
Nikalivunja kwa hasira: dodoki!
Nikacheka peke yangu jikoni.
Miaka kumi na mmoja nilimwona yule mwanamke
akisugua masizi, akisugua migongo ya wajukuu,
na sikuwahi kuuliza
dodoki lake linauzwa duka gani.

La nne lilikuwa maharage ya madoadoa.
Tuliyapura Julai. Maganda sikuyatupa:
niliyachoma, nikakusanya majivu,
nikayachuja kwa maji, tone kwa tone,
katika kopo lenye matundu, kama alivyofanya.
Maji yale ya kahawia hulainisha mboga ngumu.
Na moyo mgumu pia, alizoea kusema,
akinitazama mimi.

Fundo la tano halikuwa mbegu.
Kifungo. Cha shati la mwanaume, rangi ya chai,
matundu manne, uzi bado umekishika.
Nikakiweka dirishani. Tahiya, binti yangu,
ambaye hajatimiza miaka mitano,
akakichukua, akakizika chini ya kichanja cha vyombo,
akawa anakimwagilia kila jioni
kwa maji tuliyooshea sahani.
Nilimwacha. Mtoto na maji machafu, hasara iko wapi?

Vuli ilichelewa. Septemba yote mawingu yalipita
yakielekea Luweero, yakituonyesha mgongo tu.
Nakati ikatoa maua, ikaisha.
Boga likabaki kamba juu ya ua.
Yeye hakukosa hata siku moja.

Oktoba, pale pale, kikachomoza kitu
chenye manyoya laini na harufu ya nyanya.
"Shati limeota," akasema,
na kila asubuhi huchuchumaa kulikagua,
akiliuliza mikono itatoka lini.

Sasa limerefuka, linaelemea, linataka pa kuegemea.
Mti nimeuchimbia. Kamba sina.
Ndani ya gunia la matambara la Haboba nimekuta
shati la kaki lililotafunwa na mende,
kola haina umbo, kifungo cha juu hakipo.
Nimelichana vipande virefu, vyembamba,
nimefunga shina taratibu, fundo lisibane,
Tahiya kashika ncha ya pili, ulimi nje,
akihesabu: moja, mbili, tatu.