Una Hakika?

Hakuna mwizi aliyeingia.
Ni kiwiko changu,
kilipokuwa kikisogeza gilasi ya chai ya maziwa
isije ikamwagikia karatasi.

Saa nane mchana, Ibra, mwezi wa sita.
Nje hata paka wa sokoni wamejibanza chini ya magari.
Ndani kiyoyozi kinadondosha tone, tone,
kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi,
nami naorodhesha barua za Unguja:
nani kaandika, mwaka gani, kwa nani,
marejeo elfu moja mia sita na tatu,
miaka minne ya macho yangu.

Programu hii haijui hodi.
Ukigusa jina, jina linafunguka.
Ukipita tu, umeshakuwa mwandishi.
Haikwambii ngoja kwanza, bibi.
Utakachoandika, kiwe neno kiwe kikohozi,
inakihifadhi papo hapo,
kama karani mpya anayemwogopa bosi.

Ndivyo Shinuna binti Hamdun,
aliyemwandikia kaka yake kutoka Mkokotoni
arudishe mkufu au arudishe heshima,
alivyopoteza herufi moja, akabaki binti Hamdu;
kisha, siku nilipotaka kulitafuta neno "mkufu"
na kishale hakikuwa pale nilipodhani kipo,
akawa Shinuna binti Mkufu.

Wiki tatu aliishi hivyo.
Nilishampeleka Maskati ndani ya rasimu,
na Daktari Yaarub akanijibu kwa mstari mmoja:
"Ukoo huu mpya, asili yake wapi?"

Nilicheka.
Kisha kicheko kikanikauka,
maana najua jina jingine lililozaliwa hivyo.
Mwaka wa sabini na tano, dirisha la pasipoti,
foleni ndefu, karani kachoka,
nyanya yangu analitamka jina lake kwa Kiswahili,
karani analisikia kwa Kiarabu,
kalamu haikungoja wasikilizane.
Akaingia Mwanaidi, akatoka Aida.
Alirudi dirishani mara mbili; wakamwambia
kilichoandikwa ndicho kilichoandikwa.
Miaka thelathini na moja hospitali ikamwita Aida
naye akachelewa kuitika,
wauguzi wakadhani hasikii vizuri.
Makaburi yetu ni mawe matupu, hayana maandishi.
Huko angalau hawakumkosea.

Nikamwita Muhannad, mtoto wa dada yangu,
anayetengeneza kompyuta Sur.
Alikuja na begi na nusu kilo ya halua.
"Kufuli yenyewe haina, shangazi.
Tutaifungia kwa nje."
Faili la asili akalifanya la kusomwa tu;
kazi nifanyie kwenye nakala;
kila Alhamisi jioni nakala ya nakala
iingie kwenye diski, diski iingie mtoto wa meza,
ufunguo wa mtoto wa meza nisimpe mtu,
"hata mimi," akasema, akijilamba vidole.
Na kabla ya badiliko lolote kwenye asili,
kidirisha kidogo kiniulize.

Kiwiko changu sasa kinapita salama.
Nakwaruza kibodi kwa makusudi, kumjaribu:
Shinuna hatikisiki.

Lakini leo asubuhi
imefika bahasha kutoka Mudhaibi,
ndani yake jibu la kaka.
Mkufu hakurudisha. Tarehe ameiandika wazi,
elfu moja mia tatu na kumi na mbili,
na mimi barua ya dada nimeiweka kumi na tatu,
jibu limeitangulia barua.
Nimerudi kwenye picha ya barua, nimeikuza
mpaka wino umekuwa madoa:
mbili na tatu za Kiarabu zimepishana jino moja tu,
na jino hilo labda ni wino,
labda ni kinyesi cha nzi
wa mwaka ambao ndio huo ninaoutafuta.

Nimebofya.
Kidirisha cheupe kimefunguka, kinauliza:
Una hakika?

Chai imepoa.
Kiyoyozi kinadondosha tone
na ndoo inakaribia kujaa.